Barua ya wazi: Tuondoleeni nondo, mtuachie wimbi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mto, barabara na usalama wa wananchi,
Tanga.

YAH: KUFUNGWA KWA ENEO LA DARAJA MFUTO, NA MAWE YANAYOTARAJIWA KUMWAGWA MTONI

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na habari za kazi kwa wengine wote.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni fundi wa vyombo vya faiba. Maisha yangu yote ya kazi nimeziba mashua na boti za wavuvi wa hapa Tanga, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikiwatengenezea vijana kayaki, yaani vyombo vidogo vyembamba vya kupigwa kafi, za kuchezea mtoni. Naandika kwa niaba yao na kwa niaba yangu.

Sikupenda kulileta jambo hili hadharani. Tulianza kwa kufika ofisini, tukakaa kwenye benchi, tukaacha barua. Hiyo ilikuwa masika ya mwaka jana. Barua ya pili tuliipeleka kiangazi, ya tatu baada ya vuli. Nakala zote tatu ninazo, na zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu la maandishi hatujapata hata moja. Kila tukifuatilia tunaambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko safarini, njooni wiki ijayo. Ofisi siitaji kwa jina kwa sababu sikuja kumwaibisha mtu. Mnaohusika mnajijua, na muhuri ni wenu.

Na kona yenyewe ya mto siitaji pia. Sitaki mtoto asome hapa kisha aende huko peke yake.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuliona, nieleze kwanza ni wimbi gani hili. Sisi watu wa pwani tumezoea wimbi linalokuja: linatoka nje huko, linapiga mchangani, linakufa, linafuata jingine. Pale wimbi ndilo msafiri, maji yenyewe hayaendi mbali. Ndiyo maana boya la wavu hupanda na kushuka palepale. Wimbi la mto ni kinyume chake. Maji ndiyo yanayosafiri, wimbi limesimama. Kwenye daraja mfuto letu, yaani daraja la zege lililolala chini ambalo maji hupita juu yake, mto unatandazika ukawa mwembamba na wa kasi, kisha unaporomoka kwenye ukingo wa chini na kukutana na maji mazito yanayokwenda taratibu. Yale ya kasi hayana pa kwenda ila juu. Yanainuka, yanafanya nundu, na nundu hiyo inakaa hapo mchana na usiku maadamu mto una maji ya kutosha.

Kijana akiielekeza kayaki juu ya mto, akakaa kwenye mteremko wa ile nundu, uzito wake unamvuta chini na maji yanambeba juu, na nguvu hizo mbili zikilingana anabaki hapo. Nimewahi kukaa mwenyewe, na umri huu. Unaona maji ya kahawia yakikimbia chini ya pua ya chombo kwa kasi ya pikipiki, unainua macho, mkwaju ulio ng'ambo haujasogea hata kidogo. Kafi unaigusisha tu majini, kwa vidole. Vijana wameliita Bembea. Linatokea masika, na wiki chache za vuli kama mvua ni nzuri.

Kayaki ya kwanza aliniachia mgeni mmoja ikiwa imepasuka tumboni. Nikaiziba, nikaitolea kalibu, nikamwaga nyingine. Ndivyo tulivyoanza.

Sasa malalamiko yetu.

1. Nondo.

Hatua kumi na mbili chini ya wimbi kuna kipande cha zege la daraja la zamani lililochukuliwa na mafuriko. Kimelala ubavu, na nondo zake zimetokeza zikapinda kuelekea juu ya mto, mfano wa ndoana zinazomsubiri samaki. Zilikuwa nane. Maji yakiwa haba mtu anaziona na kuzikwepa. Yakijaa, zinafunikwa kiasi cha kiganja, na hapo ndipo zinapokuwa mbaya.

Masika ya mwaka jana kijana wa miaka 14 aliteleza akivuka daraja. Hakuwa mchezaji. Alikuwa na ndoo ya dagaa kichwani, anapeleka nyumbani. Maji yalimwondoa kwenye zege, yakampitisha kwenye wimbi bila kumdhuru, yakaenda kumtupa kwenye nondo. Nilimtoa mimi pamoja na wawili katika vijana hawa mnaowaita wahuni wa mtoni. Paja lilichanika kutoka juu ya goti. Mama mmoja aliyekuwa akifua alivua kanga yake ya juu, tukaikaza kwa kipande cha kafi iliyovunjika, akapanda bodaboda nyuma yake akimkumbatia mpaka hospitali. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Anatembea, alhamdulillahi, ila akichoka anauvuta mguu.

Barua yetu ya kwanza ilihusu nondo hizo na si kitu kingine. Hatukuomba fedha. Tulipoona kimya, kiangazi tulishuka na msumeno wa chuma, tukakata mbili. Tulipofika ya tatu akaja askari mgambo akatusimamisha, akasema ile ni mali ya serikali. Zimebaki sita. Ziko pale mpaka leo ninapoandika.

2. Alama za maji.

Wimbi la mto halina hali moja, na hili ndilo jambo ambalo ningetamani mkubwa mmoja asimame nami nusu saa tu alione. Ukingo uleule wa zege unaotoa wimbi zuri unaweza kutoa mtego. Maji yakizidi, mgongo wa nundu unavunjika na kuanza kubingirika kurudi juu ya mto, na kitu chochote kinachoelea kinashikwa hapo na kuzungushwa. Tuliwahi kuona gogo la mnazi likipikwa namna hiyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mtu hana nguvu za gogo la mnazi. Kila nchi yenye vizuizi vifupi vya maji mitoni inajua kwamba hapo ndipo waogeleaji hodari na hata waokoaji hufa, kwa kuwa juu panaonekana shwari na sauti yake si kubwa.

Kwa hiyo vijana waliandika. Masika mbili mfululizo, kwenye daftari la shule: leo maji yamefika wapi, wimbi limekuwaje. Kisha wakapaka mistari mitatu kwenye nguzo ya pembeni mwa daraja. Chini ya njano, maji ni haba, utagonga zege. Kwenye kijani, ruhusa. Yakigusa nyekundu, haingii mtu, na chombo kinapandishwa juu kabisa asije mwingine akashawishika. Hata waendesha bodaboda na kina mama wa sokoni walianza kuitazama ile nyekundu kabla ya kuvuka.

Alama hizo mlizipaka chokaa. Zote tatu. Katika kila mlichokifanya, hiki ndicho kilichoniuma zaidi, kwa kuwa ile nguzo ilikuwa inaokoa watu wasiojua hata kayaki ni kitu gani.

3. Vifaa vilivyochukuliwa.

Kayaki mbili, majaketi okozi sita, kamba mbili za kurushia mtu aliyezidiwa na maji. Vilichukuliwa siku moja, bila stakabadhi. Kayaki naweza kumwaga nyingine. Ni faiba na jasho. Lakini majaketi okozi? Tangu siku hiyo watoto wadogo, wale ambao sisi tulikuwa tunawazuia mpaka wajue kuogelea, wanaingia na madumu matupu ya lita 20 wamejifunga kiunoni. Mlichukua kinga mkauacha mto.

4. Seng'enge.

Imezungushwa upande wa chini tu. Watoto wanapita juu, kwenye mizizi ya miti, ambako ndiko maji yanakochuja kila kitu na kukinasa. Kina mama nao wamepoteza mawe yao ya kufulia. Sina la kuongeza hapo.

5. Mawe.

Tumeambiwa, si kwa barua bali kwa maneno ya njiani, kwamba kabla ya mvua zijazo yatamwagwa mawe na vikapu vya waya chini ya daraja. Tunaelewa sababu. Maji yanayoporomoka yanachimba, na yakichimba mpaka chini ya msingi daraja linakatika. Hakuna anayelihitaji daraja lile kuliko sisi tunaolivuka kila siku, na sitaki mtu aseme fundi wa faiba anapinga uimara wa barabara kwa sababu ya mchezo.

Ninachosema ni kwamba mawe yakimwagwa bila kupimwa, mambo mawili yanaweza kutokea. Wimbi linaweza kufa. Hilo lingetuhuzunisha, tungeishi nalo. La pili ndilo linaloninyima usingizi: wimbi linaweza kugeuka kuwa lile la kubingirika hata kwa maji ya kawaida, yale ambayo watu wamezoea kuyavuka. Mto haujui kuwa tumezoea. Ukibadilisha kina cha chini kwa futi moja, umebadilisha kila kitu kilicho juu yake.

Watu wenye fedha na wataalamu kutuzidi wamekutwa na hili. Katikati ya jiji la Munich, Ujerumani, kuna kijito kinaitwa Eisbach chenye wimbi la kusimama, na watu wamekuwa wakiteleza juu yake kwa mbao tangu miaka ya 1970. Kwa miaka mingi ilikuwa marufuku, na kwa miaka mingi marufuku haikumzuia mtu. Mwaka 2010 wakubwa wa kule walichagua njia nyingine: jiji likapata umiliki wa eneo lile kutoka serikali ya jimbo, mchezo ukahalalishwa kwa masharti. Aprili 2025 mwanamke mmoja alinaswa chini ya maji kwa kamba ya ubao wake, akafariki siku chache baadaye. Walipafunga. Wakayashusha maji, wakakagua chini. Kisha mwezi Juni wakafungua kwa masharti mapya, likiwemo la kamba ya mguuni inayoweza kufunguliwa mara moja na la kutoingia usiku. Halafu vuli ya huko mwaka huohuo, kijito kikasafishwa kama kinavyosafishwa kila mwaka, changarawe zikaondolewa, maji yaliporudishwa wimbi halikurudi. Changarawe tu! Wakabaki wahandisi wanakuna vichwa juu ya kitu kilichodumu karibu nusu karne.

Nimewaza sana habari ile ya kamba iliyonasa. Wenzetu walishusha maji ya kijito kizima kutafuta kilichomnasa mtu mmoja. Sisi kinachonasa tunakiona kwa macho kila kiangazi. Ni nondo sita.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, maana mengine nimeshaambiwa nikiwa nimesimama mlangoni.

Mtasema mchezo huu ni hatari. Ni hatari, ndiyo. Na bahari ni hatari, wala hatujawahi kuwazuia wavuvi wa Deep Sea, pwani ya samaki hapa Tanga, wasiende kuvua kwa sababu watu huzama. Kwetu haingii mtu asiyeweza kuogelea kutoka ukingo hadi ukingo akiwa na nguo mwilini. Hajifungi kamba mguuni. Daima kuna mmoja amesimama chini na kamba ya kurushia, na huyo hazungumzi na simu.

Mtasema mtu akifa lawama itawaangukia ninyi. Hofu hiyo naielewa na siidharau. Lakini mkishapokea barua tatu zinazotaja nondo, lawama haiondolewi na seng'enge.

Mtasema mamba na kichocho. Mamba hatujamwona kwenye yale maji ya kasi, na kwa kujua kwamba anapenda maji yaliyotulia hatuteremki mpaka mikokoni. Kichocho kinaletwa na konokono wa majini, naye anakaa penye utulivu na magugu, kama vile vidimbwi vya pembeni ambavyo seng'enge yenu imewasukumia watoto. Tungefurahi sana mganga wa kata akija kuwapima vijana wote, wenyewe wameshakubali.

Mtasema hakuna bajeti, tusubiri mwaka mpya wa fedha. Kukata nondo sita kunahitaji mashine ya kukatia chuma, jenereta ya kuazima na asubuhi moja ya kiangazi. Mashine ninayo. Jenereta nitaazima. Nahitaji karatasi moja inayosema hii si kuharibu mali ya serikali.

Na mtasema, maana hili ndilo nililoambiwa kwa sauti ya juu zaidi, kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, vijana wa Tanga watafute kazi. Hapa niruhusuni nisimame kidogo. Mtoto wa pwani hii anapanda wimbi kwa kipande cha ubao wa mashua kabla hajajua kusoma. Resi za ngalawa walizicheza babu zetu. Kupiga kafi hatukufundishwa na mtu. Na mito tunayo: Zigi unashuka kutoka misitu ya Amani, Mkulumuzi unapita kwenye mapango ya Amboni, Pangani una nguvu za kuzungusha mitambo ya umeme pale Hale tangu 1964. Majirani zetu wameshaona. Jinja, Uganda, vijana waliozaliwa kando ya Nile wanawaongoza wageni kwenye maporomoko kwa kayaki na rafti (boti za mpira) na kulipwa kwa kazi hiyo, hata baada ya maporomoko ya Bujagali kuzama chini ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Kenya wana Sagana kwenye Mto Tana. Kayaki za maji ya kasi ziliingia Olimpiki mwaka 1972. Sisemi kijana wangu ataenda Olimpiki. Nasema watatu kati yao sasa wanaweza kumtoa mtu kwenye maji ya mafuriko bila kuzama naye, na mji wenye mvua kama zetu unawahitaji watu wa aina hiyo kuliko unavyojua.

Tunachoomba ni hiki.

Nondo zikatwe kabla ya mvua za vuli, nanyi au nasi, mradi zikatwe. Hili halisubiri mengine.

Majaketi okozi na kamba virudishwe mara moja. Kayaki zinaweza kufuata baada ya mazungumzo, hapo hatugombi.

Mistari mitatu irudishwe kwenye nguzo, safari hii na mhandisi wenu akiwepo, na pembeni yake kibao kinachoeleza maana ya kila rangi kwa Kiswahili cha kueleweka. Daftari tutalileta.

Kabla ya jiwe la kwanza kushuka mtoni, mhandisi akae na vijana wale siku moja, maji yakiwepo. Akishaona, akasema mawe yapangwe hivi na si vile, tutayabeba mawe hayo kwa mikono yetu.

Na tupewe utaratibu wa kujiandikisha kama kikundi katika kata, ili siku mkitaka kutuuliza au kutuadhibu mjue mnamwita nani.

Jibu tunaliomba kwa maandishi. Likiwa la kukataa, liwe na sababu, tutalisoma kwa heshima.

Kila Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi, niko pale darajani na kamba yenye mafundo ya kupimia kina. Jumamosi iliyopita maji yalikuwa kwenye fundo la pili, chini kidogo ya pale ilipokuwa njano, na nondo zote sita zilikuwa zinaonekana. Mkija, njooni na viatu ambavyo havidhuriki na maji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vyombo vya faiba,
kwa niaba ya vijana wa Bembea,
Tanga.